Niambie tu kuku hajaiva

Ijumaa iliyopita ilikuwa mwisho wa mwezi na mvua ikaamua kunyesha saa ile ile watu wanatoka kazi, sasa we unajua tao inakuwanga aje hapo, Tom Mboya yote ni miavuli na matope na makanga wanapandisha fare wakikuangalia macho kwa macho. Kijana wangu nilikuwa nimemuahidi chips kuku tangu Jumatatu, na mtoto wa miaka sita anaweza sahau kitabu cha hesabu, anaweza sahau sweta shuleni wiki nzima, lakini chips hasahau. Nikaingia kwa joint moja karibu na steji, jina sitaji kwa sababu najijua nitarudi, nikaagiza paja na chips mbili, nikalipa kwa till ya M-Pesa, nikapewa kakaratasi kameandikwa 64, nikauliza itachukua muda gani.

"Dakika mbili tu siz."

Watu wa Nairobi mnajua dakika mbili. Ni ndugu ya ule wa "niko Roysambu naingia tao saa hii" na bado ako kwa bafu anatafuta ndara. Ni ndugu ya "bado mmoja twende" na ukiingia matatu unapata ni wewe na dere na yule jamaa wa kujaza gari ambaye atashuka ukishakaa. Nilijua si dakika mbili. Lakini nikaweka matumaini, mtu akishalipa atafanya nini.

Zikaitwa 58, 59, halafu 71. Sabini na moja! Mwenye 71 alikuwa nyuma yangu kwa laini, nilimuona akikunja mwavuli, naye akabeba mfuko wake akatoka bila hata kutuangalia sisi tulio hapo kama watu wanangoja mwili City Mortuary. Kando kulikuwa na raida watatu, wale wa pikipiki wa kupelekea watu oda, helmeti kwa mkono, maji yanatiririka kwa reflekta, simu inalia, unaskia mmoja akisema "madam bado hawajanipatia, niko hapa kabisa, si mimi napika" na huyo madam pengine ako Kilimani amekasirikia mtu ambaye hata jiko hajaiona.

Dakika ya ishirini na kitu jamaa mmoja wa suti akapiga kaunta kofi. Kwani nyinyi hamjui kazi, mko wajinga aje, niitie meneja, mnajua mimi ni nani. Yule kashia ni msichana mdogo hivi, kidole gumba ana plasta ile ya bluu ya jikoni, na juu ya mkono kuna kaalama keusi ka mafuta kuruka. Akatabasamu. "Pole boss, ni dakika mbili tu."

Hapo kitu kikanishika tumboni, na haikuwa njaa peke yake. Hiyo tabasamu naijua. Mimi niliivaa miezi nane.

Ilikuwa 2013, nimemaliza KCSE, mtihani wa fomu foo, mwaka uliotangulia nangoja kuitwa chuo, nikapata kazi kwa joint ya chips huko chini ya tao. Siku ya kwanza meneja hakunifundisha mashine wala bei, alinifundisha maneno. Kastoma haambiwi hakuna. Kastoma haambiwi ngoja. Ukimwambia kumi na tano anaenda kwa jirani, ukimwambia mbili analipa, na akishalipa ataenda wapi? Alisema hivo akicheka, lakini ilikuwa ni sheria. Kwa hivyo mnaposimama pale mkidhani yule msichana ni muongo au hajui kusoma saa, jueni amefundishwa, na labda ameshaonywa mara moja kwa kusema ukweli.

Ukweli ni kwamba kuku mwenye mfupa, amepakwa unga, haivi kwa dakika mbili hata umuombee. Robo inataka kama dakika kumi na tano kwa mafuta. Chips zilizopitishwa mafuta mara ya kwanza mapema ndio zinataka tatu, nne hivi. Na saa ile watu wamejaa, kila mtu anapiga kelele, mpishi anaingiwa na pressure anatumbukiza vikapu vyote pamoja, mafuta yanapoa, na mafuta yakipoa chips hazikauki, zinakunywa, zinatoka zimelegea kama kamba za viatu zilizoloweka. Halafu kastoma anarudisha. Halafu unaanza upya na laini imefika barabarani. Hiyo ndio inaendelea nyuma ya ule ukuta wakati wewe unasonya.

Sasa sisemi kastoma anyamaze tu, mimi mwenyewe nililipa pesa yangu. Hii biashara ya chakula cha haraka ilianza kama mkataba. Mwaka wa 1948 wale ndugu wawili wa McDonald huko San Bernardino, California, walifunga mkahawa wao wakaufungua upya wakiwa wamefuta wahudumu wa kupelekea watu chakula kwa gari, wakakata menyu ikabaki vitu vichache, burger ikawa senti 15, na ukajipanga dirishani ujichukulie mwenyewe. Yaani wewe mteja ulipoteza kitu, kuhudumiwa ukiwa umekaa, na ukapewa kitu, bei ya chini na haraka. Sisi hapa tumechukua nusu ya huo mkataba. Kusimama tunasimama, trei tunajibebea, haraka ndio haijafika, na bei nayo wacha tu.

Kwa hivyo nikiulizwa mimi kastoma kea ni nini sitasema tabasamu. Tabasamu tumeshashiba. Kila wiki ya kwanza ya Oktoba ni wiki ya huduma kwa wateja, unaingia mahali unapata baluni, unapata meneja amevaa aproni ile siku moja ya mwaka anapigwa picha akikata keki, na ukiuliza oda yako iko wapi unaambiwa dakika mbili. Mimi nataka kuambiwa. Basi. Niambie kuku hajaiva. Niambie paja zimeisha imebaki kifua. Niambie mashine ya soda imeharibika KABLA sijalipa. Hata katiba ya 2010 iko na hii maneno, kifungu cha 46, kwamba mteja ana haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa na pia haki ya kupewa habari anazohitaji, na sidhani waliokuwa wakiandika walikuwa wanafikiria kuku lakini mimi nasoma kama iko na kuku ndani.

Mnakumbuka Januari 2022 KFC ilipoishiwa chips Kenya nzima? Viazi vilikuwa vinatoka nje na mizigo ikachelewa, na Wakenya wakaruka juu, kwa sababu hapa Nyandarua mtu anaozesha viazi kwa shamba na wewe unangojea meli. Hasira ilikuwa ya haki. Lakini nikasema kimoyomoyo, angalau hawa wamesema. Hakuna aliyelipa akasimamishwa nusu saa akingoja viazi viko baharini.

Haya, sasa upande wetu sisi wateja, na hapa najua wengine mtanikasirikia.

Kwa ile miezi nane nilijifunza kwamba mtu wa Nairobi hasalimu kaunta. Anasalimu watchman, anasalimu konda, anasalimu mtu wa mutura akimwita kiongozi, lakini akifika kwa kaunta ya chips salamu inaisha. Anakuja na simu kwa sikio, anakuonyesha vidole viwili, unajiuliza ni chips mbili au ni za mia mbili, ukiuliza anakasirika umemkatiza. Kuna wa kupiga "ksss ksss" kama anaita paka. Kuna wa "wewe." Na kuna wale wa kurusha noti juu ya kaunta badala ya kuweka mkononi, hiyo sijui kwa nini iliniuma kuliko matusi yote.

Na "nipee." Nilikuwa na binamu alikuja kutoka Mombasa akanipata kazini, akasimama kando dakika kumi tu, akaniuliza, hawa watu wote unawadai au wanakudai? Huko kwao mtu anasema naomba. Hapa ukisema naomba watu wanadhani uko Dar es Salaam au umekosa nauli. Lakini sisi pia tuko na yetu, "nisaidie na chips ya mia," na ni neno zuri sana ukilifikiria, eti nisaidie, na umelipa. Siku hizi nasikia vijana wameanza kuliacha na mimi linanisikitisha kidogo, najua nazeeka. (Juzi mwingine kwa kaunta aliniita auntie. Si siz. Auntie. Nilinunua hizo chips na uchungu.)

Halafu vita vya M-Pesa. Umelipa, meseji kwako imeingia, kwa simu ya till haijaingia, kashia anasema "sijaona" na wewe unaskia umeitwa mwizi mbele ya watu. Nilikuwa naskia hivyo pia mpaka nikakumbuka enzi zetu za pesa taslimu, jioni droo ikipungua mia tatu ilikuwa inatoka kwa mshahara wangu, hakuna kuuliza. Na watu wa meseji feki wako, tunawajua. Mshahara wa chini wa kibarua Nairobi uliongezwa mwisho wa 2024 ukafika shilingi 16,113 na senti kwa mwezi. Toa kodi ya nyumba ya mtu mmoja Pipeline uone imebaki nini, halafu uniambie kama wewe ungeachilia kuku wa mia sita kwa imani.

Mmoja tu ndio namkumbuka kwa uzuri. Mzee fulani wa koti la kijivu, alikuwa anakuja jioni, ananunua chips za hamsini, hamsini tu, na anaanza na "mmeshindaje watoto wangu." Mara ya kwanza tulinyamaza sote, hatukujua tunajibu nani. Huyo mzee hakuwahi kula chips zilizopoa. Wa jikoni alikuwa akisikia sauti yake tu anatumbukiza kakikapu kake peke yake, na anaongeza juu bila kuambiwa niongezee.

Turudi Ijumaa. Yule wa suti akachoka akatoka nje kupiga simu. Nikasogea kaunta, nikamuangalia yule msichana, nikamwambia polepole, mum, mimi nilifanya hii kazi, niambie tu kuku yuko wapi. Akaangalia nyuma kwanza. Kisha akainama hivi akasema, "Siz nikuambie ukweli, yule wa kwanza alitolewa akaenda kwa oda za raida. Yako imeingia mafuta saa hii hii. Ni kumi na tano. Pesa siwezi kukurudishia mimi, ni meneja, na ametoka."

Kumi na tano! Nilikuwa nimeshasimama nusu saa. Lakini si utaamini, nilikaa chini. Kulikuwa na kiti kimoja kimebaki, cha plastiki, mguu mmoja umepinda, nikaketi nikatuma meseji nyumbani kwamba nachelewa, nikapanga pia nitapanda gari ya wapi mvua ikipungua. Kuna dada mmoja mwenye 66 alikuwa ameniona nikiongea akaniuliza amekuambia nini, nikamwambia, naye akatoka kwenda kununua unga akarudi. Zile kumi na tano zikawa kumi na nne, nilihesabu.

"Sitini na nne!"

Nikachukua mfuko, ukiwa moto, nikasema asante, akatabasamu akasema karibu tena, na hii ya sasa hivi haikuwa ile tabasamu ya meneja, au labda niliona nilichotaka kuona, nilikuwa na njaa. Gari nilipata saa mbili na nusu, fare mia na hamsini, sitaki hata kuongelea. Nyumbani kijana alikuwa amelala kwa kochi na viatu, akaamka harufu ilipoingia kabla yangu.

Nikafungua karatasi. Niliagiza paja. Ilikuwa kifua.