Kizimba cha buluu: hatimaye Owen ananing'inia

Owen ni mwanasesere wa mwanamieleka, na kizimba ni cha mfano ninachokijenga mezani. Kichwa chini, miguu imenasa kwenye nondo, mikono imeachia. Tangu juzi usiku hajaanguka, na meza nimeitikisa makusudi mara tatu.

Mpwa wangu kaja kuchungulia: "Mjomba, huyu kanyongwa kwa kosa gani?" Nikamwambia kosa lake ni kugombana na kaka yake.

Pambano lenyewe ni la SummerSlam, onyesho la mieleka la WWF, 29 Agosti 1994, United Center, Chicago. Bret Hart na mdogo wake Owen, ubingwa ukigombaniwa ndani ya kizimba. Ushindi haukuwa wa kubana mabega, bali wa kutoka nje na kugusa sakafu. Baada ya nusu saa na ushei wote wawili wako upande wa nje wanashuka, mguu wa Owen unakwama kwenye nondo, anageuka juu chini, Bret anatua. Owen hakuzidiwa, alinasa! Mimi niliiona kwenye kanda iliyochakaa, kibanda cha video, nimekaa chini kwa sababu benchi lilikuwa la wakubwa. Ule mguu haujanitoka kichwani mpaka leo.

Ndiyo maana nilikataa kutumia gundi. Mguu lazima unase wenyewe.

Kipimo cha mfano wangu ni inchi moja kwa futi moja, kwa hiyo ulingo wa futi 20 umekuwa sentimita 51 na Owen ana sentimita 15 hivi. Matundu ya sentimita 2.5 yalimpitisha mguu mzima, akaanguka. Ya 1.8 hayakuingiza hata buti. Ya 2.2 yakakubali, ila goti likunjwe kwanza. Kujua hilo kumenila wiki tatu na kuta mbili nzima.

Lakini kilichonitoa jasho ni kulehemu. Ukuta mmoja una maungio zaidi ya 400, na kila nikilehemu moja, la jirani linayeyuka. Nikimaliza mstari, wa juu umeachia. Usiku mmoja nilikitupa kizimba chote uvunguni nikalala bila kula. Waya wa kufungia nondo ni takataka kwa kazi hii, risasi ya kulehemu inateleza juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Nimehamia shaba, niliyoichuna kutoka nyaya mbovu za umeme na kuipiga msasa.

Dawa nimeipata jikoni: kiazi kibichi. Kata vipande, vibane kwa vibanio vya nguo kwenye maungio ya jirani, kiazi kinakunywa moto wote. Nyumba inanukia chipsi, maungio yanakaa. Halafu kuna watu wanauziana vibanio maalumu kwa bei ya kuku wawili!

Kilichofuata kingekuwa mlango na kufuli, maana baada ya pambano Owen na shemeji yao Jim Neidhart walimfungia Bret humo ndani wakamtwanga, ndugu zake wakiparamia nondo kumwokoa. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime; wale Wahart hawakuisikia.

Mlango utasubiri. Jana nimelirudia pambano jingine la kizimbani, la Madison Square Garden, New York, 17 Oktoba 1983, Jimmy Snuka na Don Muraco. Snuka ameshapoteza: kampiga Muraco kichwa, Muraco kadondokea nje kupitia mlangoni, kawa mshindi. Snuka anamburuta kumrudisha ulingoni, anapanda hadi juu kabisa, anasimama, anaruka. Mick Foley, aliyekuja kuwa mwanamieleka maarufu, enzi hizo mwanafunzi tu, alikuwa humo ukumbini. Kile kizimba ni cha wavu, si nondo, na wavu ni kitu kingine kabisa: ukimrusha mtu unabonyea na kumrudisha. Nondo za buluu zinapendeza kwa macho, ila hazibonyei hata kidogo, mgongo ndio unaolipa.

Sasa natafuta wavu wa kujengea mfano wa kizimba hicho. Wavu wa mbu umelegea mno, wa kuku matundu makubwa. Chujio la chai lile la chuma limekaa sawasawa, nimeshalikata robo. Mama ameanza kuliulizia.