Picha nyeusi na nyeupe za stesheni: anza na mwanga, abiria watakuja

Ukifika stesheni usianze kuwinda nyuso. Tafuta kwanza mwanga unakoangukia: mlango wa kutokea, kioo cha paani, ngazi zinazopanda nje. Jiweke hapo, abiria watapita wenyewe. Bila rangi, koti jekundu mbele ya ukuta wa kijani linaweza kutoka kijivu kilekile na mtu akamezwa. Mwenye nguo nyeusi msubiri afike mbele ya jukwaa linalong'aa, na aliyemulikwa mbele ya kona yenye giza.

Fokasi otomatiki hubabaika kwenye umati na kurukia bega la anayekatiza, kwa hiyo izime. Kwa lenzi ya mm 35 kwenye fremu kamili (kamera yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya mm 35), tundu la lenzi likiwa f/8 na fokasi ikiwekwa mita 3, vyote vilivyo kati ya takriban mita 1.9 na 7.3 vitaonekana vizuri. Jioni panda hadi ISO 3200 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga) bila woga. Chembechembe zitakazojitokeza zinaipendeza picha ya aina hii.

Shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ikiwa 1/250 ya sekunde humgandisha anayetembea. Anayekimbilia treni anataka 1/500. Ukitaka umati utiririke kumzunguka aliyesimama, shuka hadi 1/8 na uegemee nguzo.

Taa ndizo zinazosumbua zaidi. Kwenye umeme wa Hertz 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ya kasi huzinasa zikiwa zimefifia, ndiyo maana fremu moja hutoka nyeusi, inayofuata nyeupe, au mistari ya giza hukata picha. Tumia 1/100 au 1/50; kwenye Hertz 60, 1/120 au 1/60. Kwa kasi hizo piga wanaokujia moja kwa moja, kwani wanaokatiza mbele yako hutoka na ukungu.

Wa filamu, HP5 Plus, filamu nyeusi na nyeupe ya ISO 400, inavumilia kupigwa kana kwamba ni ya ISO 1600: isafishe kwa dawa ya ID-11 isiyozimuliwa, nyuzi 20 za Selsiasi, dakika 14. Lakini muda wa ziada kwenye dawa hauwezi kurudisha kivuli ambacho filamu haikukinasa, hivyo pima mwanga usoni, usipime kwenye taa. Kwa kamera ya dijitali ni kinyume chake: punguza stopu moja (yaani nusu ya mwanga), maana weupe uliokwisha kuungua haurudi.

Flashi usiiwashe kamwe, humpofusha dereva wa treni. Zima pia kile kitaa kidogo cha kusaidia fokasi.