Kusafisha mvuke wa vanishi kwa jua: maendeleo ya sanduku langu, Malindi

Tangu kaskazi ilipoanza kulegea nimekuwa nikiunda sanduku la kusafisha mvuke wa vanishi na wa tina, kimiminika cha kuizimulia, unaojaa katika karakana yetu ya uchongaji. Kichocheo ni unga wa dioksidi ya titani wa aina ya anatasi (mojawapo ya miundo ya fuwele zake), ambao ukipigwa na miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 388 hivi, huziamsha elektroni zake, na kwa msaada wa oksijeni na unyevu wa hewa ukaweza kuzivunjavunja molekuli za toluini, kiyeyushi kinachopatikana katika tina nyingi, hadi zikawa kaboni dioksidi na maji.

Unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za nyumba sikuutaka, ijapokuwa unapatikana kwa urahisi. Kwa kawaida huo ni rutili, muundo mwingine wa fuwele za dioksidi hiyohiyo, tena chembe zake hufunikwa kwa silika au alumina ili zisiile rangi yenyewe juani. Yaani kiwanda kimekwisha kuudhoofisha uwezo uleule ninaoutafuta. Anatasi nimeikoroga majini, nikaipaka kwenye vigae vikavu visivyong'arishwa, kisha nikavioka kwa moto wa wastani, maana joto kali mno huigeuza kuwa rutili. Kifuniko ni kioo cha dirisha, kwa kuwa polikaboneti, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga, huzuia karibu miale yote ninayoihitaji.

Matone ya bluu ya methilini, rangi ya kufanyia majaribio, yalipauka upesi juani kwenye kigae chenye unga, na polepole kwenye kigae kitupu. Jaribio hilo linaonyesha kwamba uso unafanya kazi, wala halithibitishi kwamba mvuke umekwisha.

Sasa vigae vimeanza kuwa na rangi ya manjano iliyokolea. Toluini isipovunjika kikamilifu huacha mabaki kama benzaldehaidi na asidi ya benzoiki, nayo hung'ang'ania kwenye unga na kuziba nafasi za kazi. Unyevu mwingi wa pwani nao hugombea nafasi hizohizo, ingawa bila unyevu wowote kazi ingefifia. Nimevianika vigae juani penye hewa safi, na rangi inapungua.

Fundi wetu mkuu bado anapaka vanishi nje, chini ya mwarobaini, nami simlaumu. Nitapunguza kasi ya feni ili mvuke ukae zaidi juu ya vigae, na kuweka kitambaa cha kunasa vumbi la mbao mbele ya tundu la kuingizia hewa.