Nilifuata Uwanja, Nikakuta Sinema

"Kaka, pale unakwenda kuangalia nini? Ni sinema tu," binamu yangu aliniuliza huku akinifungia skafu shingoni kama mtoto wa chekechea. Februari ya Montreal, Kanada, haina mzaha. Nikapanda metro hadi kituo cha Atwater.

Sinema kweli. Forum, uwanja wa Montreal Canadiens tangu 1926 hadi Machi 1996, siku hizi unanukia bisi. Wamebakiza duara la katikati ya uwanja, limechorwa sakafuni, na viti vichache vya zamani. Nikakaa kimoja. Kigumu, chembamba, magoti yamebanwa.

Canadiens ni timu ya mpira wa magongo wa barafuni iliyoanzishwa Desemba 1909, miaka minane kabla ya NHL, ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini, kuzaliwa. Ilikusudiwa kuwa ya wasema Kifaransa, katika mji ambao wao ndio walikuwa wengi lakini mabosi wengi wa viwandani na benki walizungumza Kiingereza. Usipojua hilo, vurugu za 17 Machi 1955 utaziona za wendawazimu.

Siku nne kabla, kule Boston, nyota wao Maurice Richard, msema Kifaransa, jezi namba 9, alipigwa gongo la kichwa. Katika purukushani akamtandika ngumi mwamuzi. Rais wa ligi, Clarence Campbell, msema Kiingereza, akamfungia mechi zote zilizosalia, za mtoano zikiwemo. Halafu huyo huyo Campbell akaja Forum kutazama mechi! Wakamrushia mayai na nyanya, bomu la machozi likalipuka ndani, mechi ikavunjwa na wapinzani wao, Detroit, wakapewa ushindi. Nje, vioo vya maduka ya mtaa wa Sainte-Catherine vikapasuliwa. Kesho yake ilibidi Richard mwenyewe aende redioni kuwasihi watu watulie.

Kilichonichekesha ni habari ya Bernie Geoffrion, mchezaji mwenzake Richard. Richard akiwa kifungoni, alimpita kwa pointi moja kwenye orodha ya wafungaji msimu ule, na mashabiki wake mwenyewe wakamzomea. Mimi niliyekulia kwenye utani wa Simba na Yanga sikushangaa.

Mwaka uliofuata Canadiens wakaanza kubeba Kombe la Stanley, la bingwa wa NHL, mara tano mfululizo, 1956 hadi 1960. Hakuna aliyewafikia mpaka leo.

Jioni binamu akanipeleka Bell Centre, uwanja wao wa sasa. Kile kisahani cheusi wanachokigombania sikukiona hata kidogo. Nilifuata vichwa vya watu, kulia, kushoto. Kilipogonga kioo mbele yetu niliruka, kama mtu aliyerushiwa jiwe kwenye bati.

Mapumziko, mzee mmoja mwenye jezi namba 9 alinionyesha mabango ya ubingwa darini, yote 24. Kidole chake kikasimama kwenye la mwisho, 1993, akasema jambo kwa Kifaransa, akajipapasa kipara.

"Anasemaje?"

"Anasema mwaka huo alikuwa bado anachana nywele."