Dakika tatu za kutafuta mpira

Nilihamia Dodoma 2019 ofisi yetu ilipohama Dar es Salaam. Mama watoto na watoto walibaki Mbagala kwa sababu ya shule, mimi nikapanga chumba na sebule Nkuhungu. Mwaka wa kwanza nilivumilia. Wa pili, usingizi ukanikimbia. Saa nane za usiku nimekodolea dari macho, upepo unapiga bati, nami napiga hesabu za ada na mkopo nilizokwisha kuzipiga jana yake.

Hapa mjini ukisema kichwa hakiko sawa, utani ni mmoja tu: "Twende tukakuache Mirembe," hospitali ya magonjwa ya akili. Nilicheka na wenzangu, halafu Jumatatu moja nikaenda kweli, kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi. Daktari alinisikiliza, akanipa dawa na tarehe ya kurudi kuzungumza. Mwishoni akauliza, "Zamani ulikuwa unapenda kufanya nini?"

Nikajibu kwa aibu: gofu. Si kwamba kwetu tulikuwa nazo. Nimekulia Magomeni, na likizo za shule nilikuwa nakatiza Jangwani kwenda klabu ya Gymkhana kubeba mikoba ya wachezaji. Sisi makedi tulifundishana kupiga kwa fimbo zilizovunjika.

Nikanunua fimbo tatu za chuma za mtumba: namba 5, 7 na 9. Kanuni zinaruhusu fimbo 14, lakini kwa mshahara wangu hizo nyingine ni habari za kusikia. Upande wa Ihumwa, mwenye shamba mmoja aliniruhusu kutumia kipande chake kisicholimwa: ardhi nyekundu, migunga, miiba. Nikachimba mashimo matatu kwa kipimo cha kopo la maziwa ya unga, nikasawazisha mchanga kwa ubao. Majani hakuna.

Wiki za mwanzo hali ilizidi kuwa mbaya. Anayesema gofu inatuliza hajawahi kuupiga mpira kwa nguvu zote ukasogea hatua nne. Namba 7 niliirusha kwenye miiba, nikaitoa kwa kuchanika mkono.

Kilichonisaidia hakikuwa kupiga, kilikuwa kutafuta. Mpira ukishapakwa vumbi la Dodoma hauna tofauti na jiwe, na huwezi kuutafuta huku unawaza mkopo. Nilikuwa natafuta hata nusu saa, maana mpira ni hela. Nikamsimulia daktari, nikamwambia na kanuni ilivyo: zamani mchezaji alipewa dakika 5, tangu 2019 ni 3, ukiukosa unahesabu umepotea unaendelea na mchezo. Akacheka. "Na usiku, wewe unatafuta dakika ngapi?"

Tangu siku hiyo nikishtuka saa nane naangalia saa. Dakika tatu za ada, kisha natoka uani nakunywa maji. Kuna usiku unakubali, kuna usiku unagoma kabisa. Kliniki bado nakwenda, siku hizi bila kofia.

Jumamosi alfajiri kuna kijana anayechunga mbuzi pale shambani. Mbuzi wakipita nasimama. Ndiye aliyenifundisha kuitikia "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, bila kuchekwa. Juzi alikuja na mpira niliokata tamaa nao tangu masika.

"Shikamoo baba. Huu si wako?"

"Marahaba. Umeutoa wapi?"

"Mbuzi alikuwa anautafuna."

Una alama za meno upande mmoja na hauendi moja kwa moja tena. Ndio ninaouchezea.