Angalia salio kabla gunia halijapanda gari

Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi, dagaa wameshapimwa, makuli wana magunia mabegani na dereva wa fuso anapiga honi. Hapo ndipo mnunuzi husema, "Mama, nimeshatuma, angalia meseji." Mama anatupa jicho kwenye simu, meseji ipo, mzigo unapakiwa. Tapeli hana haja ya kuvunja mfumo wa kampuni yoyote. Anachohitaji ni mtu mwenye haraka.

Meseji ya uongo hunakiliwa kutoka ya kweli, mpaka nukta. Kinachomshinda tapeli ni hesabu, kwa sababu hajui ulikuwa na shilingi ngapi. Ulikuwa na 23,400, ukatumiwa 640,000, basi salio jipya ni 663,400. Yake itakuja na tarakimu yoyote iliyomjia kichwani. Jina linaloonekana juu ya meseji nalo lisikupumbaze: aliyewahi kuazima simu yako dakika mbili anaweza kuwa ameihifadhi namba yake kwa jina la mtandao, na kila atakachoandika kitaingia kwa jina hilo.

Kwa hiyo meseji iache. Piga *150*00# kama uko M-Pesa, *150*60# kama uko Airtel Money, au menyu ya mtandao wako, uangalie salio mwenyewe. Ukiambiwa "mtandao unasumbua, itaingia tu", basi na gunia litapanda ikishaingia.

Kuna na utapeli wa pesa kuingia kweli, halafu simu inaita: "Dada, nimekosea namba, naomba unirudishie, mtoto yuko hospitali." Usimtumie. Ukimtumia wewe, huo ni muamala mpya ulioufanya kwa hiari yako, na ule wa kwanza bado uko palepale. Anaweza kupiga huduma kwa wateja akaomba urudishwe, nawe pesa ikakutoka mara mbili. Mwambie apige 100, kampuni ndiyo irudishe. Aliyekosea kweli hatagomba. Na wewe unapotuma, soma jina la mpokeaji linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Wengi huliruka, na pesa ikishatolewa kwa wakala upande wa pili, kuirudisha ni kazi kwelikweli.

Laini yenyewe nayo huibwa, na wavuvi ndio wanaochelewa kugundua. Ziwani, kukosa mtandao ni jambo la kila siku, kwa hiyo laini ikizimika kwa sababu mtu kaisajili upya mahali pengine, mwenye nayo anadhani ni mawimbi tu. Kipimo chepesi: tazama simu ya mwenzako wa mtandao huohuo kwenye mtumbwi. Yake inashika, yako haishiki, saa nzima? Azima simu yake, piga 100, waombe waifunge akaunti kwanza, maelezo baadaye.

Wasajili wa chini ya miavuli kule stendi wana msemo wao: "Kidole hakijasoma, weka tena." Wapo waaminifu, lakini kidole cha pili kinaweza kuwa kimesajili laini ya pili kwa jina lako, na ikitumika kutapeli watu, anayetafutwa ni wewe. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda kaifute. Namba iliyojaribu kukutapeli iripoti kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040.

Huduma kwa wateja wanapiga kwa namba 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida akitaka namba ya siri, au namba za uthibitisho zilizoingia kwa meseji, kata. Hata kama anakutajia jina lako kamili. Jina lako kila uliyemtumia pesa amelisoma.

Tabia inayoudhi kuliko zote ni ya dirishani kwa wakala, simu inapitishwa ndani na namba ya siri inatajwa kwa sauti, foleni nzima inasikia. Kutoa pesa hakumtaki wakala aishike simu yako: unaweka namba ya wakala, unaweka kiasi, unasoma jina lake, unabonyeza namba ya siri mwenyewe. Bibi asiyejua kusoma aende na mjukuu mmoja, yuleyule kila siku, si kijana yeyote aliyesimama nyuma yake.