Mringaringa Ukianguka, Pato Linapanda

Wiki iliyopita, huku kwetu Kibosho juu ya mji wa Moshi, jirani yetu aliangusha mringaringa uliosimama kwenye mpaka wa vihamba vyetu, yaani mashamba ya urithi yanayozunguka nyumba zetu, mpaka ambao hadi leo unatambulika kwa mstari wa mimea ya masale. Msumeno wa moto ulimaliza kazi kabla ya saa sita mchana. Chini ya mti huo kulikuwa na mibuni, na baada ya siku tatu za jua kali majani yake yalikuwa yameanza kukunjamana. Simlaumu, kwa sababu ada ya shule haisubiri.

Ninachokilaumu ni hesabu yetu. Mbao zile, ujira wa vijana waliopasua na nauli ya lori vyote huingia katika Pato la Taifa kama ongezeko, ilhali kivuli kilichotunza kahawa na mizizi iliyoshika udongo havikuandikwa popote mti ulipokuwa hai, na kwa hiyo hata kutoweka kwake hakuandikwi. Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza utayarishaji wa hesabu za pato la taifa la Marekani, alilionya Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ni vigumu kukadiria ustawi wa taifa kwa kipimo hicho. Tulikichukua kipimo, onyo tukaliacha.

Uchumi unaokua kwa asilimia 7 kila mwaka huongezeka maradufu kwa takriban miaka 10, na mara nne kwa miaka 20. Kihamba hakiongezeki. Cha babu kiligawanywa kwa wanawe watatu, nasi wajukuu tunapimiana kwa hatua za miguu. Zahanati, umeme na barabara bado tunavihitaji, na ukuaji unaovileta ninauunga mkono kwa moyo wote. Ila ule unaokula udongo na chemchemi ni kuuza mtaji na kuuita faida.

Wazee wetu walikuwa na utaratibu wa mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji: kila ukoo ulipata maji kwa zamu, na asiyeshiriki kuuzibua mfereji alitozwa faini au kunyimwa maji. Huo nao ni uchumi, wenye kikomo kilichokubaliwa na wote. Jumamosi tunakwenda kuuzibua mfongo wetu, na nitaomba miti iliyobaki karibu na banio, pale maji yanapoingizwa mferejini, iwekewe sharti kama hilo: anayekata mmoja apande na kuitunza mitano mpaka ishike, mbele ya macho ya wanaokunywa maji yale.